Kila Kitu Chenye Harufu

Dubu hanuki kama watu wanavyodhani. Watu wanadhani ananuka damu na mizoga. Yule aliyenipanda mgongoni mwezi wa saba, mvua ikimwagika, alinuka majani mabichi na nywele zilizolowa, na pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Nayasema haya mapema kwa sababu tangu siku ile kila mtu ananisimulia mimi habari zangu mwenyewe, na wengi wanazikosea.

Naitwa Ramona Archuleta. Nimezaliwa bondeni, chini ya milima ile ile, kaskazini mwa New Mexico, na ule ulikuwa msimu wangu wa tatu wa kazi ya kiangazi kwenye ranchi inayopokea vijana wa mikoba. Wanatoka miji ya mbali, wanabeba shanta kubwa kuliko akili zao, wanatembea kambi hadi kambi porini, kisha wanarudi kwa mama zao wamekonda na wananuka. Mama yangu mimi, Eufemia, ni mpishi wa makao makuu kule chini tangu sijajua kusema. Kambi yetu iliitwa Ojo Frío, yaani chemchemi baridi kwa Kihispania, kwa sababu ya ile iliyopo pale, nayo ilikuwa ya kuigiza maisha ya wawindaji wa zamani. Tulivaa ngozi na kofia za manyoya, tukawafundisha vijana kurusha vishoka, kuchuna ngozi na kupiga gobore.

Tulikuwa watatu tu. Mimi nilikuwa wa vishoka na ngozi. Opal Tuttle, msichana wa Arkansas mwenye mabega ya mpasua kuni, alikuwa wa jiko na hadithi za jioni. Bosi wetu alikuwa Garrett Lindqvist, kijana mrefu wa Minnesota, mwenye meno mazuri na maneno mazuri zaidi. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kugusa gobore, baruti na risasi.

Kila kikosi kikifika, kabla hakijafungua mikoba, kinakaa barazani na kuambiwa habari ya dubu. Hotuba ile nimeitoa hadi naitoa usingizini, Opal ni shahidi. Kila kitu chenye harufu kinaingia kwenye gunia, na gunia linavutwa kwa kamba hadi juu, katikati ya miti miwili. Si chakula tu. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo, mafuta ya jua, dawa ya mbu, vyote juu. "Hemani mnaingia ninyi, nguo zenu na usingizi wenu, basi," nilikuwa nawaambia. "Ukificha pipi kwenye soksi, usiniite mimi, mwite mchungaji wako." Walikuwa wanacheka, kisha nawaona wanapapasa mifuko.

Mfanyakazi akikutwa na chakula hemani, anateremshwa siku hiyo hiyo na mlimani hakanyagi tena. Lakini kufukuzwa si kitu. Kinachouma ni redio. Kila kambi ina redio ya mawasiliano barazani, na zote ziko kwenye wimbi moja, kwa hiyo akisema mmoja, mlima mzima unasikia. Ukitaka kuonyesha umesikia na huna la kuongeza, unabonyeza kitufe mara mbili: tik-tik. Hata jikoni kwa mama ipo, juu ya friji, ila wapishi hawaruhusiwi kusema kitu, kazi yao kusikiliza. Jina la mtu linajengwa kwenye redio ile na linabomolewa humo humo.

Nami nilikuwa nalijenga langu. Nilitaka kuwa bosi wa Ojo Frío mwaka unaofuata. Watu wa bondeni kwetu wamekuwa wapishi wa ranchi ile, wachunga farasi wake, wafua mashuka wake. Bosi wa kambi hajawahi kutoka kwetu hata mmoja, na mama alikuwa ameshaanza kuwatangazia majirani kanisani kama vile nimeshapewa ufunguo.

Sasa koti. Mama alinishonea koti la blanketi, blanketi jekundu la marehemu babu, lenye mistari myeusi na mifuko mikubwa ya mbele. Lilikuwa zito na zuri na kila mtu aliliazima. Siku moja kabla ya dubu, manyunyu yalianza Garrett akiwa kwenye uwanja wa shabaha na vijana, akanipigia kelele kutoka kule.

"Mona! Nirushie hilo blanketi lako, nakufa kwa baridi!"

"Mtu wa Minnesota anakufa kwa baridi mwezi wa saba!" Opal akamjibu kabla yangu. "Nyumbani kwenu si mnaoga barafu?"

Nilimpelekea. Alilivaa hadi shabaha ikaisha, na wakati wa chakula cha jioni akanitupia begani, akasema asante. Sikulikagua, nilikague kwa lipi? Koti langu, bosi wangu. Nikalikunja, nikalifanya mto.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana mbingu zilifunga. Milima yetu ndivyo ilivyo kiangazi: asubuhi jua, mchana ngurumo. Kikosi kilichokuwepo kilikuwa kimeondoka asubuhi, kinachofuata kilikuwa bado njiani. Nikaingia hemani, nikalaza kichwa kwenye koti, nikasikiliza mvua ikipiga turubai. Nadhani nilisinzia.

Kilichoniamsha ni mwanga. Turubai lilichanwa kutoka juu hadi chini na mvua ikaniangukia usoni, halafu mwanga ukazibwa. Nilimjua palepale, kwa sikio lake la kushoto lililokatika ncha. Tulimwita Shangazi. Misimu yote mitatu nilimwona akipita ng'ambo ya kijito na watoto wake kwenda kwenye matunda, hakuwahi kugusa hata kijiko chetu. Mwaka ule alikuwa na mtoto mmoja. Nikasema, kwa sauti kabisa, kama ninavyowafundisha vijana, "Nenda, Shangazi! Toka!" Akanikanyaga kifuani.

Hakunitaka mimi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alitaka kilichokuwa chini ya kichwa changu. Alitia mdomo pale, na kichwa changu kikiwa njiani akakichana. Nilisikia jino likikwaruza mfupa, sauti ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa ndani. Nikageuka kifudifudi, nikafunika shingo kwa mikono, ndivyo tunavyofundishwa, na koti likabaki chini ya uso wangu. Kwa hiyo akanipanda mgongoni. Akauma mkono wa kushoto uliokuwa juu ya shingo, akautikisa. Nilisikia vidole vikiachana na mimi. Sikupata maumivu bado, nilipata hasira tu, hasira ya kijinga, nikawa natukana kwa Kihispania matusi ya babu ambayo sikujua kama nayakumbuka. Nikatupa kiwiko nyuma, kikampata puani. Akanguruma, akaniburuta kwa bega nusu ya hema, akarudi kwenye koti.

Ndipo nikasikia kikaango. Opal alitoka jikoni na kikaango cha chuma mkono mmoja na kishoka mkono wa pili, anapiga kimoja kwa kingine na kupiga mayowe yasiyo na maneno. Dubu akainua kichwa. Opal akasogea badala ya kurudi, yule mwanamke hana akili, akampiga kikaango cha pua, akampiga tena, cha tatu akakosa na kikaango kikamponyoka. Akarusha kishoka. Kilimpata begani na kikabaki kimening'inia kwenye manyoya kidogo, kisha kikadondoka. Shangazi akalibeba koti langu mdomoni, akavuka kijito, akaingia kwenye mierebi. Mtoto wake alikuwa kule analia.

"Usiangalie mkono," Opal akaniambia, amepiga magoti kwenye tope. "Mona, niangalie mimi. Usiangalie."

Nikaangalia. Kidole cha mwisho na cha pete havikuwepo, na kutoka kiwiko hadi kifundo nyama ilikuwa imefunguka. Damu ya kichwani ilikuwa inanijaa jicho la kushoto. Opal akavua mkanda wake wa ngozi, akanifunga juu ya kiwiko, akavuta kwa meno.

Garrett alikuja mbio kutoka uwanja wa shabaha. Alisimama juu yetu, uso umepauka.

"Koti liko wapi?" akauliza. "Ramona, koti lako liko wapi?"

Nilidhani anataka kunifunika nisipate baridi. Kweli kabisa nilimwonea huruma, nikasema, "Ameondoka nalo." Akaingia kwenye lile hema lililopasuka, tukamsikia anapekua, anatupa vitu. Wakati ule Opal alikuwa ananibeba mgongoni kunipeleka barazani. Garrett alipokuja barazani alikuwa ameshika karatasi ya chokoleti, ile ya njano, inayong'aa.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye redio.

"Makao makuu, hapa Ojo Frío. Dubu ameingia hema la Archuleta na kumjeruhi. Leteni machela. Mwambieni Sandoval apande na bunduki." Akaitazama ile karatasi. "Kulikuwa na chokoleti hemani. Narudia, Archuleta alikuwa na chakula hemani."

Tik-tik, ikaja kutoka kambi moja. Tik-tik. Tik-tik. Zikawa zinaingia moja baada ya nyingine, mlima mzima unakubali kusikia. Kisha radi ikapiga mgongo wa mlima juu yetu, na Garrett akachomoa waya wa antena, maana ndiyo sheria wakati wa radi. Redio ikanyamaza. Nikawa namwona mama amesimama mbele ya ile friji.

"Muongo wewe," nikasema.

"Ramona, umepata mshtuko. Tulia."

"Muongo mkubwa! Sina chokoleti. Sijawahi kuingiza hata pipi ya kikohozi kwenye lile hema."

"Labda ulisahau. Inatokea, dada yangu. Hakuna anayekulaumu."

"Usiniite dada yako! Umeniuza kwenye redio halafu hakuna anayenilaumu? Apa. Apa kwa mama yako kwamba umeikuta hemani mwangu."

Alijifanya anatafuta bandeji. Opal alikuwa ananimwagia maji kichwani na kunizungushia mashuka. "Bosi," akasema taratibu, "mimi nalala hema la jirani. Naijua harufu ya soksi za huyu mtu. Chokoleti ningeijua." Garrett akamjibu kwamba kazi yake ni kukaza bandeji.

Nilimchukia, lakini nitasema ukweli, nilimwogopa pia, maana anajua kuongea na wakubwa. Mimi ni mtoto wa mpishi. Ningeteremshwa mlimani kwenye machela na jina langu likiwa limeoza tayari, na mama angeendelea kupakua maharage mbele ya watu wale wale waliobonyeza tik-tik.

Mzee Dewey Sandoval alifika juu ya farasi, maji yanachuruzika kwenye kofia, mbwa wake nyuma. Yeye ndiye mtu wa wanyama pori wa ranchi, naye ni wa bondeni kwetu, alibatizwa kanisa moja na mama. Alinitazama mkono, akanitazama kichwa, akavua kofia.

"Ulikuwa na chakula, binti?"

"Hapana, Mzee Sandoval."

"Redio imesema."

"Redio imesema uongo."

Akachomoa bunduki kwenye tandiko. "Hata hivyo nitamuua. Akishauma mtu ndiyo basi, sheria haina mazungumzo. Yuko wapi?"

Hakukuwa na haja ya kumjibu. Mbwa alikuwa ameshasimama ukingoni mwa baraza, nywele za mgongo zimemsimama, anatazama mierebi ng'ambo ya kijito. Shangazi hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amelala juu ya koti langu, analitafuna kwa utulivu, na mtoto wake alikuwa juu ya msonobari. Dubu wengine wangekimbia kwa harufu tu ya mbwa. Huyu alikuwa na mtoto mtini na kitu kitamu mdomoni, asingeondoka.

Mzee Sandoval alipiga akiwa amepiga goti kwenye ngazi za baraza. Risasi ya kwanza ilimvunja bega. Aliinuka, akaanguka, akainuka tena kwa miguu mitatu, na badala ya kukimbilia juu alikuja kwetu. Mbwa akamwendea. Akampiga kofi moja, mbwa akaruka na ubavu uliofunguka, akalia kama mtu. Mzee Sandoval akapiga tena, ikaingia tumboni, na Shangazi akazunguka pale pale kwenye kijito, akijiuma alipoumia, maji yakawa mekundu hadi kwenye mawe tunapochotea. Sauti aliyokuwa akiitoa sitaki kuieleza. Mtoto wake alikuwa anaijibu kutoka mtini, kila mara anaijibu.

"Mmalize!" Opal akapiga kelele. "Mmalize, mzee, kwa jina la Mungu!"

Risasi ilikuwa imekwama. Mzee Sandoval alitukana, akavuta komeo la bunduki, akalipiga kwa kiganja, akashuka ngazi, akaingia majini hadi magotini na kumwekea mtutu sikioni, lile lililokatika. Ukasikika mlio, basi. Mtoto wa dubu naye akanyamaza.

Mimi nililia pale, sikuona aibu. Nilimlilia dubu aliyeninyang'anya vidole viwili, na ukiona ni upuuzi, basi wewe hujakaa naye jirani misimu mitatu.

Mzee Sandoval alimfunga mbwa wake ubavu kwa shati lake mwenyewe, akamlaza kando yangu, kisha akavuka kwenda kwenye mierebi. Alirudi na matambara mekundu ya koti mkono mmoja. Mkono wa pili alishika bati dogo la duara, limetobolewa na meno pande zote. Akaliweka mezani mbele yetu, akalifungua kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na vitambaa vidogo vya pamba, vimeloa mafuta.

"Lilikuwa mfukoni mwa koti," akasema. "Mfuko ameutafuna wote." Akanusa. "Mafuta ya nguruwe. Safi kabisa, ningekaangia yai." Akatutazama mmoja mmoja. "Hapa nani anapiga gobore?"

Asiyejua gobore ajue hivi: risasi haiingii mtutuni peke yake, inavikwa kitambaa kilichopakwa mafuta ndipo ishindiliwe. Sisi Ojo Frío tulitumia mafuta ya nguruwe, kama wale wawindaji wa kale, vijana wakaona raha. Bati lile lilikaa kwenye rafu ya uwanja wa shabaha, kati ya risasi na pembe ya baruti. Tulikuwa tunalipita kila siku, sisi tunaonyang'anya watoto mafuta ya midomo.

"Hayo ni mafuta ya bunduki," Garrett akasema. "Si chakula."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeamini, na haki ya Mungu mimi namsadiki. Hakulitia mfukoni mwangu kwa ubaya. Alilitia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mikono yake ilikuwa na gobore, na kichwani mwake lile lilikuwa bati la bunduki, haliingii kwenye hotuba ya dubu. Kosa lile lingeweza kuwa la yeyote kati yetu. Ningemsamehe kabla machela haijafika.

"Ulipokuja mbio uliuliza koti," nikamwambia. "Hukuniuliza mimi, uliuliza koti. Ulikuwa unajua."

Akageuka kutazama kijito.

"Na chokoleti umeitoa wapi, Garrett?"

Opal ndiye aliyejibu. "Kwenye sanduku la chuma la vitu vya vijana, nyuma ya jiko," akasema polepole, akili ikimjia. "Zile tunazowanyang'anya. Za njano. Mimi mwenyewe nilizihifadhi humo. Alipita huko nilipokuwa nakubeba." Alipomaliza kusema alikuwa ameshamfikia Garrett. Ngumi ya kwanza ilimvunja pua, tuliisikia wote. Garrett akaenda chini pamoja na benchi, akajaribu kuinuka, akapigwa ya pili mdomoni, na yale meno mazuri moja likabaki kwenye mbao za baraza. "Anatoka damu pale!" Opal alikuwa anapiga kelele, sasa anatumia teke. "Mwenzako anatoka damu, wewe unatafuta karatasi! Mshenzi! Mshenzi wewe!" Mzee Sandoval alikuwa anafuta kisu chake. Alikifuta vizuri sana, pande zote mbili, ndipo akasema, "Haya, mama, yatosha, utamuua," akamshika kiuno na kumvuta.

Radi ilikuwa imehamia bonde la pili. Nikasema, "Chomekeni waya."

Opal akachomeka. Redio ikakoroma, ikawa hai.

"Sema," nikamwambia Garrett. "Kama ulivyosema mwanzo. Kwa mlima wote."

Alikuwa amekaa ameegemea nguzo ya baraza, anatema damu kwenye kiganja. "Tutaeleza kule chini," akasema. "Ofisini, kwa utaratibu. Ramona, nisikilize. Watanifukuza. Watanipeleka mahakamani. Wewe utapona, hadithi itasahaulika—"

"Hadithi yangu itasahaulika?"

"Ni chokoleti tu! Watu wanasahau!"

Nilisimama. Opal anasema nilikuwa mweupe kama unga na shuka la kichwani lilikuwa linadondosha damu. Vishoka vya vijana vilikuwa kwenye gogo lao, pembeni ya baraza. Nikachukua kimoja kwa mkono uliobaki mzima, nikarusha. Kishoka kilizunguka mara moja na kuzama kwenye nguzo aliyoiegemea, na njiani kilichukua kipande cha sikio lake. Garrett akapiga yowe, akashika kichwa. Nililenga nguzo. Opal hadi leo ananiuliza kama kweli nililenga nguzo, na mimi hadi leo namwambia nilikuwa na jicho moja.

Nikachukua cha pili. "Sema."

Akatambaa hadi kwenye redio. Akabonyeza kitufe kwa kidole chenye damu.

"Hapa Ojo Frío," akasema, na pua iliyovunjika ilimfanya aongee kama mtoto mwenye mafua. "Kwa kambi zote. Archuleta hakuwa na chakula hemani. Lilikuwa bati langu la mafuta ya gobore. Nililisahau kwenye koti lake. Chokoleti niliiweka mimi."

"Rudia," nikasema.

"Chokoleti niliiweka mimi. Alikuwa hana kosa."

Redio ilikaa kimya muda mrefu, hadi nikadhani antena imekufa. Kisha tik-tik. Tik-tik, mbali kidogo. Zikaja kutoka pande zote, kambi za vileleni, kambi za korongoni, watu ambao sitawajua sura. Nikaketi. Jina langu lilikuwa limerudi, nilikuwa nalisikia linarudi, na nilikuwa nasubiri nifurahi.

Halafu sauti ya mwanamke ikaingia juu ya zile tik-tik zote, sauti isiyoruhusiwa kuwepo kwenye wimbi lile.

"Ojo Frío. Ojo Frío. Hapa jikoni."

Mtu wa makao makuu akajaribu kumkatiza, "Mama Eufemia, tafadhali, achia wimbi," naye akamwambia, "Nyamaza wewe, nilikulisha asubuhi." Kisha akaniita jina langu lote, kama anavyoniita nikiwa nimechelewa kurudi nyumbani.

"Ramona Archuleta. Mmesema chokoleti, mmesema bati, mmesema koti. Tangu mchana nimesimama hapa na mwiko mkononi. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema. Mwanangu yuko hai?"

Tulitazamana pale barazani, mimi na Opal na Mzee Sandoval. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyesema, wala mimi. Nilikuwa nimeshika kishoka muda wote ule nikigombania lisikike jambo ambalo mama hakuwa na haja ya kulisikia.

Nikakiacha kikaanguka. Kitufe kile kinabonyezwa kwa mkono wa kushoto, kwa jinsi kilivyotundikwa, nami wa kushoto sikuwa nao wa kutumia. Opal akanibonyezea.

"Niko hai, mama," nikasema.

Nikasikia anavuta pumzi. Nyuma yake sufuria zilikuwa zinachemka, na mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi.

"Amekuuma wapi?" akauliza.

"Kichwa na mkono. Mkono una vidole vitatu."

"Vitatu vinatosha kukanda unga," akasema. "Haya. Zimeni jiko. Nakuja."

Watu wa makao makuu wakamwambia njia ni ndefu, ina tope, na yeye ana magoti. Aliwajibu nini sijui. Ninachojua ni kwamba watu wa machela waliponiteremsha jioni ile, tulikutana naye kabla hatujafika hata nusu ya mlima, na aproni yake bado ameivaa, amelowa hadi kiunoni. Alishika upande wa kushoto wa machela na hakuuachia hadi chini.